Azola: Kangaga Dogo la Majini kwa Nguruwe wa Bandani

Wale waliowahi kupita katika msitu wa Nou au kupanda mlima Hanang wanayajua makangaga, mimea isiyo na maua inayopenda unyevu chini ya miti mikubwa. Mwezi huu tunazungumzia kangaga la namna nyingine. Ni dogo kama ukucha, halioti ardhini bali huelea juu ya maji, na mizizi yake huning'inia kama nyuzi. Linaitwa azola.

Huenda mtauliza: chakula cha mifugo kinatafuta nini katika ukurasa wa afya? Jibu ni kwamba nguruwe anayezurura kijijini ni jambo la afya ya watoto wetu.

Tegu na kifafa

Tegu wa nguruwe ni mnyoo mrefu anayeishi katika utumbo wa binadamu. Mtu humpata kwa kula nyama ya nguruwe yenye tegu wachanga ambayo haikuiva vizuri. Tegu hao huonekana kama malengelenge meupe, madogo kama punje za mchele. Mnyoo akishakua, mayai yake hutoka na kinyesi cha mtu huyo. Kama hakuna choo, nguruwe anayezurura hula kinyesi hicho, na mayai hugeuka tegu wachanga katika nyama yake.

Kuna njia ya pili ambayo wengi hawaijui. Mayai hayo yakimwingia binadamu kwa mikono michafu, mboga au maji, tegu wachanga hukaa katika mwili wake, hata katika ubongo, na wanaweza kuleta kifafa. Kwa hiyo hata mtu asiyeonja kabisa nyama ya nguruwe anaweza kuupata ugonjwa huu kutoka kwa jirani au ndugu mwenye tegu tumboni.

Haya si mambo ya mbali. Watafiti waliochunguza nguruwe 770 katika vijiji vya Mbulu, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2004, waliona dalili za tegu katika ndimi za nguruwe 17 hivi kwa kila 100. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, uchunguzi wa picha za ubongo uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu mgonjwa mmoja wa kifafa kati ya kila sita alikuwa na alama zinazoelekeza kwenye tegu. Kifafa kina sababu nyingine nyingi pia. Lakini si laana, wala hakiambukizwi kwa mate ya mgonjwa.

Kwa nini nguruwe hufunguliwa?

Kila mfugaji anajua kwamba nguruwe afungwe. Mara nyingi hufungwa wakati mazao yako shambani, na baada ya mavuno huachwa ajitafutie. Sababu ni chakula. Pumba peke yake humshibisha lakini haimkuzi, kwa kuwa ina protini kidogo, na mashudu na dagaa hununuliwa kwa fedha. Azola inaweza kupunguza pengo hilo.

Azola inafanyaje kazi?

Ndani ya majani yake kuna vijidudu vidogo sana vinavyochukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Ndiyo maana azola ina protini nyingi: ikikaushwa, protini ni kama robo ya uzito wake. Wakulima wa mpunga wa China na Vietnam wameitumia kama mbolea kwa karne nyingi. Ikipata hali nzuri huongezeka mara mbili kwa muda wa wiki moja au pungufu.

Kutengeneza kidimbwi

1. Chagua mahali penye kivuli chepesi, karibu na nyumba, mbali na choo na juu ya njia ya maji ya mvua. Jua kali la siku nzima huichoma, na giza huidumaza.

2. Chimba au jenga kwa matofali eneo la mita 2 kwa mita 2, lenye kina cha sentimita 20. Sawazisha chini na tandika nailoni nzito isiyovuja. Wakati wa masika chimba mfereji pembeni ili mafuriko yasiibebe azola.

3. Tandaza kilo 10 hadi 15 za udongo laini uliochekechwa. Koroga kilo 2 za samadi ya ng'ombe katika maji pamoja na mbolea ya fosfeti gramu 30 hivi, kisha mimina.

4. Jaza maji mpaka kina cha sentimita 10. Hizo ni lita 400, yaani ndoo kubwa 20. Mahali ambapo akina mama wanafuata maji mbali, msianze kiangazi. Ngojeni maji ya paa wakati wa mvua. Maji ya chumvi, kama yale ya kandokando ya ziwa Balangida, hayafai, wala maji yenye sabuni.

5. Weka mbegu ya azola nusu kilo hadi kilo moja, nyunyizia maji ili isimame wima. Baada ya siku 10 hadi 15 kidimbwi kitakuwa kimefunikwa. Mbegu iombeni kwa mfugaji anayeitunza vizuri au kupitia afisa mifugo wa kata.

Kuitunza

Vuna kila siku au kila baada ya siku moja, ukiacha zaidi ya nusu ya kidimbwi. Azola isiyovunwa husongamana na kuoza. Kila siku tano ongeza kilo moja ya samadi na fosfeti kidogo. Kila siku kumi punguza robo ya maji na kuweka mengine. Yale ya zamani ni mbolea nzuri kwa migomba na miti. Baada ya miezi sita safisha kidimbwi na kuanza upya.

Azola ikigeuka nyekundu, inasema ina shida. Yaweza kuwa baridi, jua kali, au ukosefu wa fosfeti. Katika nyanda zetu za juu, Juni na Julai hukua polepole, vuna kidogo. Ikitoa harufu ya kuoza, toa iliyoharibika na ubadili maji.

Kulisha

Ioshe kwa maji safi mpaka harufu ya samadi iishe, kisha changanya na pumba. Anza na kiganja kimoja, ukiongeza taratibu mpaka mnyama azoee. Kuku na bata huipenda pia.

Tuseme ukweli ili mtu asidanganyike. Azola mbichi ni maji kwa sehemu kubwa. Kilo 10 zikikauka hubaki kama gramu 600 tu, na kidimbwi kimoja cha kipimo tulichotaja hutoa nusu kilo hivi kwa siku. Kinatosha kuongezea chakula cha kuku wachache. Kwa nguruwe mnahitaji vidimbwi kadhaa, pamoja na majani ya viazi vitamu, maboga, machicha na makombo yaliyochemshwa. Azola ni kitoweo cha nguruwe. Ugali wake ni pumba na viazi.

Tahadhari nne

Kwanza, usitumie kamwe kinyesi cha binadamu wala maji yanayotiririka kutoka chooni. Mayai ya tegu yatashika kwenye azola, nawe utakuwa umempelekea nguruwe ugonjwa ndani ya banda.

Pili, kidimbwi kilichofunikwa huonekana kama jani kavu la uwanjani. Mtoto mdogo anaweza kuzama hata katika maji ya sentimita 10. Zungusha uzio imara.

Tatu, azola nzito huwazuia mbu kutaga, lakini ukivuna maji hubaki wazi. Kidimbwi hakichukui nafasi ya chandarua. Ukiona konokono, waondoe.

Nne, usiitupe katika ziwa Tlawi, bwawa la kijiji wala mto. Huko Afrika Kusini azola ya kigeni ilifunika mabwawa na kunyima maji hewa, hata ikabidi mwaka 1997 waachiliwe wadudu wa kuila.

Mambo ya kukumbuka

Banda na azola peke yake havitoshi. Mzunguko wa tegu hukatwa na mambo haya yakienda pamoja:

– Kila nyumba iwe na choo, na watoto nao wakitumie.
– Tunawe mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula.
– Nguruwe afungwe mwaka mzima, hasa baada ya mavuno.
– Nyama ikaguliwe. Ikionekana ina punje nyeupe isiliwe wala isiuzwe.
– Nyama ikatwe vipande vidogo na kupikwa mpaka ndani pasibaki wekundu. Kitimoto ya kuchomwa haraka haraka ndiyo yenye hatari kubwa.
– Mwenye kuona vipande vya mnyoo katika choo aende zahanati. Mwenye degedege au kifafa asinunue dawa ya minyoo mwenyewe, kwa maana dawa nyingine huweza kuzidisha degedege tegu wakiwa katika ubongo. Amwone daktari kwanza.

Familia moja ikifunga nguruwe wake na ya jirani ikiwaachia, mayai ya tegu bado yatazunguka kijijini. Kwa hiyo jambo hili lizungumzwe katika jumuiya ndogondogo. Mbegu ya azola kilo moja, ikitunzwa kwa nyumba ya kwanza, baada ya wiki chache itatosha kugawiwa nyumba ya pili na ya tatu. Tuanze hivyo, nyumba kwa nyumba, kabla mavuno hayajaisha na mabanda hayajafunguliwa.