Miguu inayowasha na kuuma haitaki dawa ya kubahatisha

Wengi wetu huikumbuka miguu siku inapokataa kwenda. Kila msimu wa mvua hapa Kampala nasikia malalamiko yale yale kutoka kwa wachuuzi wa soko la Owino, waendesha bodaboda na walinzi wa usiku: vidole vinawasha, ngozi inachubuka, kiatu hakivaliki.

Mara nyingi mkosaji ni fangasi. Hupenda joto na unyevu, na mtu anayeshinda ndani ya mabuti ya mpira na soksi zilizolowa jasho huwa amewajengea makao. Huanza kati ya kidole cha mwisho na jirani yake. Ngozi hugeuka nyeupe, hulainika, kisha hupasuka na kutoa harufu.

Kinachonitia wasiwasi ni dawa tunazonunua. Mtu huingia duka la dawa na kuomba "krimu ya kuwasha", akapewa tyubu yenye steroidi. Mwasho hupungua kwa siku chache naye hufurahi, kumbe fangasi wanaendelea kusambaa chini kwa chini. Uliza kilichomo kabla ya kulipa. Krimu ya klotrimazoli isiyochanganywa na steroidi hupakwa mara mbili kwa siku, juu ya ngozi iliyooshwa na kukaushwa vizuri, na huendelea kupakwa kwa wiki 2 hivi baada ya ngozi kupona. Wengi huiacha mara tu mwasho unapokoma, na baada ya mwezi ugonjwa unarudi.

Fangasi wakiingia kwenye kucha, ikawa nene na ya njano, krimu mara nyingi haiwafikii. Daktari anaweza kuagiza vidonge vya takriban miezi 3, baada ya kupima ini. Kucha mpya ya kidole gumba huchukua mwaka mmoja au zaidi kukua yote, kwa hiyo subira inahitajika.

Maumivu mengine hayana uhusiano na fangasi. Shangazi yangu, muuza vitenge, ana nundu ubavuni mwa mguu, pale kidole gumba kinapoanzia. Majirani walimshauri aikande kwa maji ya moto. Lakini hiyo si nyama iliyoota. Ni mfupa uliosogea nje, huku kidole chenyewe kikiwaegemea wenzake. Hali hii mara nyingi hufuata ukoo, na viatu vyembamba vyenye visigino virefu huizidisha. Kukanda hakurudishi mfupa mahali pake. Upasuaji ndio unaounyoosha, nao huachiwa wale ambao maumivu yanawazuia kutembea. Shangazi alibadilisha viatu tu, akachukua vipana vya ngozi laini. Nundu ipo, ila hachechemei tena.

Ukienda kununua viatu, nenda jioni, wakati miguu imevimba kidogo. Vijaribu ukiwa umesimama, na ubakize nafasi mbele ya vidole. Vya mitumba visafishe na kuvianika juani hadi vikauke kabisa kabla ya kuvivaa.

Kwa mgonjwa wa kisukari, mambo haya si madogo hata kidogo. Kisukari huweza kuifisha miguu ganzi na kupunguza mzunguko wa damu, hivyo mtu hukanyaga msumari asisikie. Ufa mdogo kati ya vidole huwa mlango wa bakteria, kidonda huchimbika, na wapo waliokatwa mguu kwa jambo lililoanza kama mwasho. Mwenye kisukari asikate sugu kwa wembe, asitembee pekupeku, na akague miguu yake kila jioni, nyayo na katikati ya vidole. Asiyeweza kuinama na amwombe mtoto au mjukuu amtazamie. Akikuta kidonda, wekundu au uvimbe, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama hasikii maumivu yoyote.