Zuri: Jina Lililozaliwa Ng'ambo

Mama wa Tanga akiambiwa kuna msichana Marekani anaitwa Zuri, sikio lake litangoja kidogo. Zuri nini? Jicho zuri? Vazi zuri? Kwetu -zuri ni shina la kivumishi, nalo huvaa kiambishi kufuata ngeli: mtoto mzuri, nyumba nzuri, kitabu kizuri. Ndiyo maana kamusi hulitangulizia kistari. Kistari hicho kikidondoka, jina limepatikana.

Majina yetu ya kike ya Kiswahili huelemea nomino: Neema, Zawadi, Furaha, Pendo. Mzazi wa pwani akitaka kutaja uzuri humwita bintiye Jamila, neno lililokuja na Kiarabu likiwa limekamilika. Zuri ilibidi lingoje wazazi wengine. Mwaka 1966, huko California, Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa na misingi yake saba akaipa majina ya Kiswahili. Miwili kati yake, Nia na Imani, ikawa majina ya wasichana. Wamarekani Weusi waliotafuta jina lenye asili ya Afrika walikuwa na lugha ya kuchota, na Zuri limetoka kisima hichohicho. Kuanzia 2011 hata watoto wa Disney Channel walilizoea, kwani katika kipindi cha Jessie binti aliyeasiliwa kutoka Uganda anaitwa Zuri.

Vitabu vya majina vya huko mara nyingi hulifasiri kwa neno moja tu, mrembo. Hapo jina linapunjwa. Urembo ni wa sura, ilhali sisi tuna habari nzuri, kazi nzuri, tabia nzuri. Na tukisema fulani ni mtu mzuri, mara nyingi hatukutazama uso wake. Waliosema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, walikuwa wanaulaumu uzuri ulioishia juu. Binti aliyeitwa Zuri amepewa sura na mwenendo pamoja, na ana haki ya kuelezwa hivyo.

Je, ni kosa la sarufi? Kwangu si kosa. Neno jina liko katika ngeli ya LI-YA, ambamo shina hili halihitaji kiambishi: jina zuri. Kwa hiyo ukikutana naye usimsahihishe. Katika sentensi mpe upatanisho wa binadamu yeyote: Zuri amekuja, Zuri wetu ni mzuri.