Simba wa Kessel na Simba wa Hanang

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo tunapenda kumzungumzia mgeni aliyefika Afrika Mashariki na kalamu mkononi, kwani kazi yake inatugusa sisi wa Balangdalalu kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Mgeni huyo ni Joseph Kessel, mwandishi wa Kifaransa. Alizaliwa Argentina mwaka 1898, wazazi wake wakiwa Wayahudi waliotoka katika dola ya Urusi. Katika Vita Kuu ya Kwanza alitumikia jeshi la anga, na maisha hayo yakamzalia riwaya ya L'Équipage mwaka 1923. Wajerumani walipoikalia Ufaransa katika vita ya pili, alijiunga na wapinzani wao. Mwaka 1943, akiwa Uingereza, yeye na Maurice Druon, mtoto wa ndugu yake, waliandika maneno ya Kifaransa ya wimbo mashuhuri wa wapiganaji hao. Mwaka 1962 alichaguliwa kuingia Akademia ya Ufaransa, na akafariki mwaka 1979.

Katika miaka ya 1950, Wakenya walipokuwa wakipigania ardhi yao, Kessel alisafiri katika nchi zetu. Mwaka 1958 akatoa riwaya iitwayo Le Lion, yaani Simba, ambayo hadi leo husomwa sana na vijana wa Ufaransa. Mahali pa kisa ni mbuga ya wanyama ya Kenya, chini ya mlima wetu Kilimanjaro. Patricia, binti wa miaka kumi wa mlinzi wa mbuga, amemlea simba aitwaye King. Oriounga, kijana wa Kimasai, anataka kuthibitisha uanaume wake kwa kupambana na simba huyo. Siku ya pambano, baba wa mtoto, mwindaji wa zamani aliyeapa kutoua tena, analazimika kumpiga King risasi.

Ni kisa kizuri, nasi hatumnyimi Kessel sifa yake. Aliwatazama Wamasai kwa heshima, wala hakuwadhihaki. Hata hivyo, msomaji akifunga kitabu, anazijua hofu na ndoto za Patricia, lakini za Oriounga hazijui. Ameuona mkuki wake na majivuno yake. Mama yake hakumsikia, wala hakuambiwa ng'ombe wake watalisha wapi mbuga ikishafungwa. Mgeni huandika anachokiona kutoka mlangoni.

Hapa Hanang tunao akina Oriounga wetu. Miongoni mwa Wabarabaig, kijana aliyemwua simba aliheshimiwa kama mtetezi wa watu na mifugo, akatunzwa ng'ombe na jamaa zake. Tena tunayo habari ya ardhi inayostahili riwaya nzima. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, mashamba makubwa ya ngano yalianzishwa chini ya shirika la NAFCO kwa msaada wa Kanada, hata yakafikia eneo la ekari zipatazo 100,000. Taifa lilihitaji mkate, hilo hatulikatai. Lakini wafugaji walipoteza malisho bora, na makaburi ya wazee wao yakapitiwa na majembe ya trekta. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaipa haki NAFCO.

Habari hizo zimo katika majalada ya mahakama na vitabu vya wataalamu. Katika hadithi ambazo watoto wetu wanazisoma shuleni, ni nadra kuzikuta. Wazee walioshuhudia wanazidi kupungua kila mwaka.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa walimu wa Balangdalalu: wapeni wanafunzi daftari, wawaendee babu na bibi zao, wasikilize, waandike. Kessel alisafiri mbali kutafuta simba wake. Sisi wetu yumo nyumbani, na hatuna budi kumsimulia wenyewe.