Je, Wajua? Mpira Mweupe Ukigonga Miwili kwa Mpigo
Katika pool ya kulipwa, mpira mweupe ukigusa mpira halali na usio halali karibu kwa wakati mmoja, na isijulikane upi umetangulia, sheria za shirikisho la dunia, WPA, huchukulia kwamba halali ndio ulioguswa kwanza, hivyo si faulo. Basi mpinzani mjanja humwita refa asogee karibu kabla ya pigo. Kubishana baadaye ni kazi bure. Faulo isipotajwa kabla ya pigo linalofuata kuanza, huhesabiwa haikutokea. Adhabu nayo si ndogo: katika pool ya mipira 9, mpinzani huuweka mweupe popote mezani. Hata hivyo wapo wachezaji wanaotaja faulo zao wenyewe, kama ilivyo desturi ya snuka, wakijua huenda mchezo wote umekwenda.