Wanawake Watafiti Wapimwe kwa Kazi Yao

Mtafiti wa tiba hasongi mbele bila ruzuku. Fedha hizo ndizo zinazolipia maabara, wasaidizi na muda wa kuandika. Anayezikosa leo hukosa machapisho kesho, na kesho kutwa hukosa uprofesa. Anayetaka kujua kwa nini wanawake hupungua kadiri vyeo vinavyopanda, na aanzie kwenye meza ya wanaogawa ruzuku.

Mwaka 1995 Baraza la Utafiti wa Tiba la Sweden lilipokea maombi 114 ya nafasi za utafiti kwa wahitimu wa shahada ya uzamivu. Wanawake walikuwa 52. Nafasi 20 zilipogawiwa, wao waliambulia 4. Christine Wennerås na Agnes Wold, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Göteborg, walidai kuonyeshwa alama za waombaji, na ikabidi mahakama iamue kwamba wana haki ya kuziona. Walizilinganisha na machapisho ya kila mwombaji, na mwaka 1997 jarida la Nature likatoa matokeo: ili apewe alama za umahiri sawa na mwanamume, mwanamke alihitaji kuwa amezalisha mara 2.5 zaidi yake. Aliyefahamiana kikazi na mjumbe wa kamati naye alipandishwa alama, ingawa mjumbe huyo hakuruhusiwa kumpima. Mwanamke asiyejuana na yeyote alipunjwa mara mbili.

Upendeleo huo hupenya wapi? Kanada imetupa jibu. Kuanzia 2014 taasisi yake ya utafiti wa afya iligawa ruzuku kwa njia mbili: moja ikipima zaidi andiko la mradi, nyingine ikimpima zaidi mtafiti mwenyewe. Uchambuzi uliotoka katika The Lancet mwaka 2019 ulionyesha kwamba palipopimwa mradi, wanaume waliwazidi wanawake katika kiwango cha kupata ruzuku kwa chini ya pointi 1 ya asilimia. Palipopimwa mtu, pengo lilifika pointi 4. Sayansi ya wanawake haikuwa na kasoro; kasoro ilikuwa katika jicho lililowatazama.

Ndiyo maana semina za kuwafundisha wanawake kujiamini, japo zina faida, hazitoshi. Kamati zipime andiko kwanza, wasifu baadaye. Kila mwombaji aonyeshwe alama zake na sababu zake. Uzazi nao usihesabiwe kuwa uzembe: Baraza la Utafiti la Ulaya humwongezea mama miezi 18 kwa kila mtoto katika muda wa kustahili kuomba.

Vyuo vikuu na taasisi zetu za utafiti wa afya zinaweza kuanza na ruzuku ndogo za ndani, bila kusubiri mfadhili. Zifungue majalada ya miaka iliyopita, zihesabu walioomba na waliopata, wanawake kwa wanaume, kisha ziyatangaze matokeo hayo kwa wafanyakazi wote. Wagonjwa wanahitaji tiba iliyobuniwa na vichwa bora tulivyo navyo, na hatutavipata vyote kwa mizani iliyopinda.