Mtoto Aeleze, Mama Asikilize: Tuchague Programu Gani ya Kurekodi Kioo cha Telefone?



Katika mkutano wetu wa juma lililopita, mama mmoja alitoa telefone yake akatuonyesha video ya dakika moja na nusu. Uso wa mtoto haukuonekana. Kilichoonekana ni picha ya ukurasa wa daftari na mstari mwekundu unaochorwa kwa kidole, huku sauti ya binti yake wa kalasi ya tano ikieleza hesabu: nusu kujumlisha theluthi. "Juu, moja na moja ni mbili. Chini, mbili na tatu ni tano. Jibu ni mbili ya tano."

Mama huyu anauza unga sokoni, na masomo yake mwenyewe hayakufika mbali. Lakini alipoisikiliza video alimwita binti: "Nikigawa meka ya unga mafungu matano sawa, nikakupa mawili, umefika nusu?" Mtoto akasema hapana. "Basi nusu ukiiongeza kitu, inawezaje kupungua?" Binti akanyamaza, akarudi kwenye daftari.

Ndiyo sababu ya makala hii. Tangu Septemba 2019, masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya bure, na tunashukuru. Lakini kalasi zimejaa, na mwalimu hana nafasi ya kumwuliza kila mtoto amefikaje kwenye jibu. Mtoto anaweza kunakili ubaoni mwaka mzima bila mtu kujua kwamba haelewi. Akieleza kwa sauti yake, kosa linajitokeza.

Njia yenyewe si mpya. Mwaka 2004, Salman Khan huko Marekani alianza kumsaidia binamu yake hesabu kwa mbali, na mwaka 2006 akaanza kuweka video kwenye YouTube: mkono unaandika, sauti inaeleza. Kutoka hapo ikazaliwa Khan Academy. Sisi tunageuza kidogo: anayeeleza ni mtoto, wanaosikiliza ni mama na mwalimu.

Sasa, programu gani? Wengi wenu mmeuliza. Tulijaribu kadhaa, na haya ndiyo maswali tuliyojiuliza.

Inafaa kwa telefone tuliyo nayo? ShowMe na Educreations zinasifiwa na walimu wa ng'ambo, lakini zilitengenezwa kwa iPad. Screencastify inakaa ndani ya Chrome, kwenye kompyuta. Explain Everything ina ubao mzuri sana wa kuchorea, ila ukitaka vyote inavyotoa, unalipa. Kwa nyumba yenye telefone moja ya Android, hizo tuziache kwanza.

Inakula mega? Programu moja ya bure tuliyoipakua ilileta matangazo kila tulipoifungua, na mega za juma zikaisha kwa siku mbili. Tena umeme wetu mnaujua: mabwawa ya Nzilo na Nseke yako karibu nasi, lakini usiku tunawasha mshumaa. Tunahitaji kitu kinachorekodi bila intaneti na kisichomaliza betri.

Inaonyesha nini zaidi? Hapa tulipata somo la aibu. Mtoto wa mmoja wetu alikuwa akirekodi zoezi lake, ujumbe wa likelemba ukashuka juu ya kioo: nani hajalipa, na kiasi gani. Video ikaenda kwenye kundi la WhatsApp la kalasi nzima kabla mama hajaiona. Tangu siku ile sheria yetu ni moja: kabla ya kurekodi, zima intaneti, weka telefone isionyeshe ujumbe wowote, na baada ya kurekodi mama atazame video yote kabla haijatumwa.

Baada ya haya yote, chaguo letu ni lile lisilohitaji kupakuliwa. Telefone nyingi za Android kuanzia toleo la 11, la mwaka 2020, zina kirekodi cha kioo ndani yake. Vuta kioo kutoka juu kwenda chini, utafute alama yake kati ya zile za tochi na Bluetooth. Ni hivi:

Mtoto apige picha ukurasa wa daftari. Aifungue picha, abonyeze sehemu ya kuhariri, achague kalamu. Kisha awashe kirekodi na kuruhusu maikrofoni, la sivyo video itakuwa bubu. Aeleze kwa dakika mbili tu, akichora kwa kidole. Video fupi haijazi telefone, na unaweza kuipeleka kwa mwalimu au kwa jirani kwa Bluetooth bila kutumia mega hata moja.

Kama telefone yako ni ya zamani na haina kirekodi, usinunue nyingine kwa ajili ya hili. Shika telefone juu ya daftari, urekodi kwa kamera mkono wa mtoto unaoandika. Kazi ni ile ile.

Jambo la mwisho ni lugha. Mwachie mtoto aeleze kwanza kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, kisha kwa Kifaransa cha shule. Akiweza kwa Kifaransa tu, mara nyingi amekariri. Na wewe mama, usiogope kwamba hukusoma. Uliza tu: "Kwa nini?" na "Umejuaje?"

Yule binti alirekodi tena siku ya pili. Safari hii aligawa meka mafungu sita: matatu ni nusu, mawili ni theluthi, jumla tano ya sita. Mwishoni mwa video inasikika sauti nyingine, ya mama yake: "Hapo sawa. Hata mimi nimeelewa."

Mwenye telefone na aje nayo kwenye mkutano ujao, ikiwa na chaji. Tutajifunza pamoja.