Chumvi Haikupungua, Maji Yamezidi

Julai ni mwezi wa baridi hapa Eldoret, mji ulioinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na vifua vya watoto hutaabika. Mwaka mmoja, katika baridi hiyo, jirani yangu alilazwa na mjukuu wake wa miezi kumi katika hospitali ambayo sitaitaja. Mtoto alikuwa na kichomi. Daktari alipita, akaitazama karatasi ya maabara, akamwambia nyanya, "Chumvi ya mtoto imepungua," kisha akaendea kitanda kingine. Nilipokwenda kuwajulia hali jioni, nilimkuta ajuza yule amekoroga uji na kuutia kijiko kizima cha chumvi, yu tayari kumnywesha mgonjwa.

Mimi simlaumu. Kitenzi "kupungua" huja na tiba yake mkononi: kilichopungua huongezwa. Mpishi akiambiwa chumvi imepungua mchuzini, atafanya nini jingine?

Kinachopimwa na matabibu ni sodiamu. Kiwango cha kawaida ni milimoli 135 hadi 145 katika kila lita ya majimaji ya damu, na si nadra mtoto mwenye kichomi kikali kuonekana chini ya 135. Lakini aghalabu chumvi haikwenda popote. Mapafu yanapougua, ubongo huweza kutoa kwa wingi homoni inayoziamuru figo zisiyaachilie maji. Mkojo huwa haba, maji hubaki mwilini, na damu huzimuka. Kiswahili tunalo neno hilo kamili, kuzimua, nasi tumewaachia wapika chai! Hali ikizidi, maji huingia katika seli za ubongo, ubongo ukavimba. Mtoto husinzia, hutapika, hata hupatwa na degedege. Hapo ndipo jamaa wengine huanza kutafuta mchawi.

Yupo mtoto mwingine ambaye chumvi yake imepotea kwelikweli, naye ni yule wa kuhara, anayehitaji maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa. Watoto hawa wawili tunawaeleza kwa sentensi moja, ilhali mmoja huenda akahitaji kupunguziwa maji na mwenziwe kuongezewa. Uamuzi huo ni wa daktari, si wa mzazi. Wala haimaanishi mama amnyime mwanawe ziwa. Na kijiko cha chumvi katika uji wa mtoto mchanga chaweza kumdhuru vibaya.

Hata wataalamu walichelewa kulitambua jambo hili. Kwa miongo mingi watoto walitundikiwa dripu zenye chumvi haba kuliko damu yao. Ni mwaka 2018 ambapo chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba dripu ya kumdumisha mtoto aliyelazwa, kwa kawaida, iwe na chumvi inayokaribiana na ile ya damu.

Jioni ile muuguzi mmoja kijana aliuona uji, akaketi kando ya kitanda. "Nyanya," alisema, "mchuzi wako ukimwagiwa maji, hupoteza ladha, na chumvi yote imo mle mle. Damu ya mtoto imekuwa hivyo."

Ajuza akaweka kikombe chini. Akainua macho, akaitazama chupa iliyoning'inia juu ya mjukuu wake.

"Basi haya nayo, mwanangu, si maji?"

Muuguzi akaigeuza chupa, akasoma maandishi yake, akatoka kwenda kumtafuta daktari.